Injini mpya, gari kuukuu: tuanze na breki

Leo tuipumzishe siasa kidogo, tuzungumze habari za magari. Sina nia ya kuzungumzia magari mapya yanayong'aa katika maonyesho. Nazungumzia magari ya zamani ambayo hutolewa injini yake ya asili na kutiwa injini nyingine ya kisasa. Huenda ukadhani hayo ni mambo ya mafundi na ya watu wenye fedha za kuchezea. Nakuomba uvumilie. Ndani ya habari hii yumo mama mjamzito, yumo askari wa usalama barabarani, na yumo yule kijana wako anayerudi nyumbani jioni ametapakaa oili nawe ukasema hana kazi.

Tuanzie ng'ambo. Huko Marekani yapo magari wanayoyaita magari ya misuli. Mwaka 1964 Pontiac, moja ya chapa za kampuni ya General Motors, ilichukua gari la wastani ikalitia injini kubwa ya lita 6.4, yenye nguvu farasi 325, ikaliita GTO. Mwezi Aprili mwaka huo huo Ford nao wakatoa Mustang. Vijana wa huko wakapagawa. Kwa muda wa miaka kama kumi viwanda vikashindana nani atatia injini kubwa kuliko mwenzake, mpaka mwaka 1973 mafuta yalipopanda bei duniani na mchezo ukapoa.

Lakini mapenzi hayakufa. Hadi leo wapo Wamarekani wanaotafuta bodi ya gari la mwaka 1969, wakalisugua kutu, kisha wakaling'oa injini na kulitia mpya inayoongozwa na kompyuta. Aghalabu hutumia injini za jamii ya LS, ambazo General Motors ilianza kuzitia katika Corvette ya mwaka 1997. Gari hubaki na sura ya babu, likakimbia kama mjukuu.

Waingereza nao hawakubaki nyuma. Mwaka 2018 kampuni ya Land Rover yenyewe, ikiadhimisha miaka 70 tangu gari lake la kwanza, ilichukua Defender zilizokwisha kutumika, ikazitia injini ya V8 ya lita 5 yenye nguvu farasi zipatazo 400. Yalitengenezwa magari 150 tu, na bei ilianzia pauni 150,000. Nakuomba ulitie akilini jambo moja juu ya magari hayo, maana tutalirudia: hawakuishia kwenye injini. Breki zilibadilishwa, na springi nazo zilibadilishwa.

Sasa turudi nyumbani, na nyumbani kwangu mimi ni Kagera, upande ule wa Ngara na Biharamulo. Huko hakuna mtu mwenye Pontiac. Lakini kazi hiyo hiyo ya kutia injini mpya katika gari kuukuu hufanyika chini ya miembe, na hufanyika kwa sababu nyingine kabisa. Gari lenyewe ni Land Rover.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwezi Aprili 1948. Vita Kuu ilikuwa imekwisha karibuni, chuma cha pua kilikuwa adimu Uingereza na kikitolewa kwa mgao, kwa hiyo watengenezaji wakatumia bati la alumini kwa sehemu kubwa ya bodi. Uhaba ule umetufaa sisi Waafrika hadi leo, kwa kuwa alumini hailiwi na kutu kama chuma. Ndiyo maana utaikuta Land Rover ya miaka 45 ina bodi nzima, ingawa chesisi yake, ambayo ni ya chuma, imekwisha kuliwa chini kwa chini kama jino bovu.

Wasikilizaji wa rika langu wanaikumbuka ile iliyoitwa 109. Namba hiyo ni urefu wa inchi kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la nyuma. Toleo lake la mwisho, Series III, lilitoka kiwandani kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Mkuu wa wilaya alitembelea 109. Polisi, bwana shamba, padri na mchungaji wote walitembelea 109. Mtoto wa kijijini akisikia mlio wake alijua kuna jambo: ama chanjo, ama kodi, ama mtu anakamatwa.

Kisha ikaja miaka ya 1980, miaka ya foleni ya sukari na sabuni. Vipuri vikakosekana, na Land Rover nyingi zikasimamishwa juu ya mawe nyuma ya ofisi za serikali. Serikali ilipoanza kulegeza masharti ya biashara katikati ya miaka ile, na hasa katika miaka ya 1990, magari yaliyotumika Japani yakamiminika bandarini. Leo ukiharibikiwa na Toyota mahali popote nchini hutatembea mbali kabla hujampata muuza nozeli au ringi za pistoni. Ukiharibikiwa na injini ya Land Rover ya mwaka 1978, jiandae kwa safari na kwa maombi.

Ngara ilikuwa na njia yake ya pekee ya kuyajua magari. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24, wakaingia Ngara. Benaco ikawa mojawapo ya kambi kubwa kuliko zote duniani. Mimi nilikuwa kijana wa shule. Wilaya iliyokuwa ikihesabu magari yake kwa vidole ikajaa magari meupe ya mashirika ya misaada, na palipo na magari hupatikana gereji, na palipo na gereji huhitajika wa kushika spana. Vijana wengi wa Ngara na Biharamulo waliingia katika gereji zile wakiwa vibarua wa kuosha magari, wakatoka wakiwa mafundi. Wakimbizi walirudishwa kwao mwezi Desemba 1996 na magari meupe yakapungua. Ujuzi ulibaki.

Mmoja wa vijana wale leo ana gereji yake Nyakahura, wilayani Biharamulo, kando ya barabara kuu ya malori yaendayo Rwanda. Simtaji jina kwa kuwa hakunituma. Mwaka 2024 mjomba wangu alimwita kijijini kwetu Ngara, upande wa Murusagamba, amfufulie Land Rover yake.

Mjomba ni bwana shamba mstaafu. Gari lile, 109 ya mwaka 1978, alilinunua katika mnada wa magari chakavu ya serikali miaka mingi iliyopita. Alilitumia mpaka injini ikavunjika krenki, akaliacha chini ya mti, kuku wakataga mayai katika kiti cha dereva. Kilichomwamsha ni barabara yetu. Mvua zikianza kunyesha, magari madogo hayafiki kijijini. Mgonjwa hubebwa kwa pikipiki, na kama hawezi kukaa juu ya pikipiki, hubebwa kwa machela mabegani mwa watu, kama enzi za babu zetu. Mjomba akauza ng'ombe wawili na miti yake ya mikaratusi, akasema gari lazima litembee kabla ya vuli.

Ubishi wa kwanza ulikuwa juu ya injini. Mjomba alitaka ile ya 1HZ, injini ya Toyota Land Cruiser yenye silinda sita na lita 4.2. Alikuwa ameipanda katika magari ya misaada, na mlio wake haujamtoka masikioni. Fundi akakataa.

"Mzee," akamwambia, "injini hiyo ni nzito na ndefu, na nguvu yake ni kama mara mbili ya ile uliyokuwa nayo. Ukiikanyaga kwenye tope, giaboksi yako itasaga meno, na shafti za nyuma zitakatika kama miwa. Utakuwa umenunua injini ya kuvunjia gari."

Msikilizaji, hapo ndipo palipo na elimu yenyewe. Injini ya dizeli ya asili ya 109 ilikuwa na lita 2.25 na nguvu farasi zipatazo 62. Kila kilichokuja nyuma yake, yaani klachi, giaboksi, propela, difu na shafti, kilipimwa kwa nguvu hiyo. Shafti za Land Rover za zamani zilisifika kwa kukatika hata kwa injini yake yenyewe, na madereva wengi walitembea na ya akiba. Fundi alipendekeza injini ya 3L, ile iliyotiwa katika Toyota Hilux na Hiace. Ina lita 2.8 na nguvu farasi kama 90. Haina kompyuta, pampu yake ya dizeli huendeshwa kwa mitambo mitupu, na kasi ya mzunguko wake haipishani sana na ile ya Land Rover, kwa hiyo gia za zamani zinaifaa. Vipuri vyake vinapatikana hadi Benaco. Kitu kimoja tu hutaki kukisahau: mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kila baada ya kilometa 100,000. Ukiuacha ukakatika, injini imekwisha.

Injini ikanunuliwa Mwanza, mtumba kutoka Japani, ikavushwa kwa kivuko cha Kigongo na Busisi, maana daraja lilikuwa bado. Lilifunguliwa mwezi Juni 2025. Ikapita Geita na Biharamulo juu ya lori la mchele, ikafika kijijini imefungwa kwa magunia. Watoto waliiangalia kama bibi harusi.

Kazi ilifanyika uwanjani kwa mjomba. Miti mitatu mikubwa ilisimikwa kwa kuegemezana, mnyororo wa kunyanyulia ukaning'inizwa katikati, na injini ya zamani ikatolewa. Kabla ya kuiingiza mpya fundi aliipiga chesisi nyundo ndogo ndogo kutoka mbele hadi nyuma huku akisikiliza. Palipolia kengele palikuwa pazima. Palipolia debe alikata akachomea bamba jipya. Kisha ikaja kazi ya kuunganisha injini ya Mjapani na giaboksi ya Mwingereza, ambazo matundu ya boliti zake hayalingani kabisa. Hapo huhitajika bamba nene la chuma lililotobolewa upande mmoja kwa vipimo vya Toyota na upande wa pili kwa vipimo vya Land Rover. Bamba hilo lilichongwa Mwanza kwa mashine. Fundi alikataa kulichonga kwa mkono, kwa kuwa katikati ya injini na katikati ya giaboksi lazima pakutane sawasawa. Pakipishana kidogo tu kuliko jicho linavyoweza kuona, klachi huungua na beringi hupiga kelele ndani ya wiki chache.

Hadi hapo, msikilizaji, nakueleza mambo ya kufurahisha. Sasa sikiliza yasiyofurahisha.

Fundi alikuwa ameshauri tangu mwanzo kwamba kazi ianze na breki. 109 ile ina breki za drumu kwenye matairi yote manne. Mabomba yake ya chuma yalikuwa ya miaka mingi. Isitoshe kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Sevo, yaani kile chombo kinachousaidia mguu kukandamiza breki, hufanya kazi kwa mvuto wa hewa. Katika injini ya petroli mvuto huo hupatikana wenyewe. Katika dizeli haupatikani hivyo. Land Rover ya dizeli iliutengeneza kwa kilango maalumu katika njia ya hewa. Toyota ya dizeli huutengeneza kwa pampu ndogo iliyofungwa nyuma ya altaneta. Ukibadili injini usiliangalie hilo, gari litawaka vizuri na kunguruma vizuri, lakini siku unayohitaji kusimama mguu wako utakuwa umebaki peke yake.

Injini ile ya mtumba ilifika na altaneta isiyo na pampu. Nyingine iliagizwa, ikachelewa. Fedha nazo zilikuwa zinakwisha. Mjomba akasema, "Washeni kwanza tuisikie." Ni mzee, gari ni lake, na kijiji kizima kilikuwa kinasubiri. Injini ikamaliziwa kufungwa, ikawashwa, ikaunguruma, akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwapo, nilikuwa likizoni. Gari lilizungushwa uwanjani mara mbili kwa gia ya kwanza.

Siku mbili baadaye, usiku wa saa sita, mvua ikinyesha, jirani alikuja kugonga mlango. Mkewe alikuwa na uchungu tangu mchana, na mkunga wa kijiji alikuwa amesema kazi hii imemshinda, apelekwe hospitali ya Rulenge. Jirani alisimama barazani maji yakimchuruzika, akasema, "Mzee, tumelisikia gari likiunguruma."

Mjomba akaenda kumwamsha fundi aliyelala chumba cha wageni. Fundi akatoka na ufunguo mkononi. Akatusikiliza wote, kisha akasema maneno ambayo sijayasahau.

"Mzee, kuondoka litaondoka. Kusimama ndiko sikujui."

Mjomba akamwambia atakwenda pole pole. Fundi akamuuliza pole pole hiyo itamfaa nini katika mteremko ule wa udongo unaoshuka hadi kwenye daraja la miti, gari likiwa na watu saba na breki hazijaguswa miaka mingi. Mjomba akapandisha sauti. Fundi akautia ufunguo mfukoni, akasema yeye ndiye aliyelifunga gari lile, na roho za watu watakaopanda zitadaiwa kwake.

Mama yule alipandishwa pikipiki katikati ya dereva na wifi yake, mvuani. Kwenye barabara kubwa walipata gari lililobeba ndizi. Walifika hospitali karibu na alfajiri. Alijifungua mtoto wa kike, akapoteza damu nyingi, akapona. Angeweza pia kufa.

Asubuhi ile hakuna aliyemsalimu fundi. Mjomba hakusema naye siku mbili. Chakula alipelekewa na mtoto, akala peke yake kando ya gari.

Siku ya tatu alifungua madrumu ya nyuma. Alituita, mjomba na mimi, na akamwita pia jirani yule ambaye alikuwa amekuja kuchukua nguo za mkewe. Silinda ndogo ya tairi la kushoto ilikuwa inavuja, na viatu vya breki vimelowa. Kisha akatuonyesha bomba la chuma linalopita juu ya difu. Alimwomba kijana akae kwenye kiti akandamize breki kwa nguvu zake zote, kama mtu anayeona ng'ombe barabarani. Mara ya kwanza pedali ilishika. Mara ya pili ilishika. Mara ya nne bomba likapasuka pale lilipoliwa na kutu, mafuta ya breki yakaruka hadi kwenye ukuta wa nyumba, na pedali ikalala chini.

Mjomba alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Fundi, njoo ndani ule."

Ningependa kukuambia kwamba jirani naye alimshika fundi mkono. Hakumshika. Alisema, "Nimeona. Lakini mke wangu angekufa mvuani na gari zima limesimama hapa." Akachukua nguo akaondoka. Sikuona mahali pa kumlaumu hata yeye. Mtu ambaye mkewe amekuwa kwenye pikipiki usiku ule hawezi kufarijiwa na bomba lililopasuka.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Fundi hakuuchelea ukali wa mzee wala chozi la jirani, na mimi naamini aliokoa watu saba. Lakini tukiishia kumsifu fundi tu, tutakuwa tumelikwepa swali. Kwa nini usiku ule ulikuta gari lina injini na halina breki? Jibu ni kwamba injini ina mlio na breki haina. Kila mtu alitaka kuisikia injini. Kama fedha za mwanzo zingekwenda kwenye mabomba, silinda na drumu, gari lingesubiri injini wiki mbili zaidi, na siku injini inawashwa lingekuwa tayari kubeba mtu. Usiku ule gari lilikuwa limekamilika nusu ya kuonekana, na nusu iliyobaki ndiyo iliyohitajika.

Wamarekani nao waliyaonja hayo. Ile GTO ya mwaka 1964 niliyoitaja ilitoka kiwandani na nguvu farasi 325, na breki za drumu matairi yote manne. Breki za diski zilianza kuuzwa kwa mwenye kuzitaka katika toleo la 1967. Ndiyo maana leo hii fundi makini wa huko, kabla hajatia injini mpya katika gari la misuli, huanza na breki na stelingi. Na ndiyo maana Land Rover walipotia V8 mwaka 2018 hawakuziacha breki za zamani. Tajiri wa Uingereza na mstaafu wa Ngara sheria yao ni moja: nguvu unayoongeza ya kwenda, ongeza kwanza ya kusimama.

Nami naona ugonjwa huu si wa magari peke yake. Tunapenda kuzindua. Nani amewahi kukata utepe wa bomba la breki? Zahanati hupata jengo jipya, fedha za dawa zikachelewa. Kituo cha afya hupokea gari la wagonjwa kwa ngoma na nderemo, na baada ya miezi michache likasimama kwa kukosa matairi. Injini imewashwa, vigelegele vimepigwa, na mama mjamzito yuko juu ya pikipiki.

Sasa, msikilizaji, yapo mambo mawili kwa wenzangu wenye magari ya namna hii, kwa kuwa najua ni wengi, mijini na vijijini.

La kwanza ni kadi ya gari. Kadi ile imeandikwa namba ya chesisi na namba ya injini. Ukibadili injini, kadi yako inasema jambo moja na gari linasema lingine. Askari akikusimamisha Lusahunga au Nyakanazi akalinganisha namba, hatajua kama wewe ni mstaafu mwema au ni mtu aliyetia injini ya wizi. Hana kosa; namba ile iliwekwa ili wezi wa magari wakamatwe. Kwa hiyo tunza stakabadhi ya injini, peleka gari likakaguliwe, na upeleke taarifa Mamlaka ya Mapato ili kumbukumbu zibadilishwe. Fikiria pia bima. Ikitokea ajali, na gari lililokatiwa bima silo lililopo barabarani, kampuni ya bima imeshapata pa kukushikia. Mjomba alilalamika kwamba safari za mjini kufuatilia karatasi zilimchosha kuliko kazi ya gari lenyewe, na ofisi moja ilimrudisha mara tatu kwa jambo lililoweza kwisha mara moja. Ningewaomba wahusika wa ofisi za namna hiyo wakumbuke kwamba anayekuja mwenyewe kusema ukweli anastahili kurahisishiwa. Akisumbuliwa sana, wa nyuma yake hatakuja.

La pili ni mafundi wenyewe. Fundi wa mjomba hana cheti. Alijifunza kazi katika joto la mwaka 1994, na mikononi mwake mna elimu ambayo wengine huisomea miaka mitatu. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi hupimwa kwa kazi yake, huongezewa alichopungukiwa, na hupewa cheti. Nawashauri mafundi wa chini ya miti waufuate. Na wenye magari wajifunze kumtambua fundi. Anayekubali kila unalolitaka hajakusaidia. Mtafute anayeweza kukukatalia usiku wa manane, mvua inanyesha, na watu wote wamemkasirikia.

Land Rover ile ilikamilika kabla ya Krismasi. Ina mabomba mapya ya breki, silinda mpya, na altaneta yenye pampu yake. Fundi aliijaribu peke yake katika mteremko ule mara sita, ikiwa na magunia ya mchanga, kabla hajamruhusu mtu kupanda. Nilipopiga simu nyumbani majuzi niliambiwa imeshapeleka wagonjwa kadhaa Rulenge. Mara moja ilimbeba mtoto wa jirani yule, yule wa kike, aliyekuwa na homa. Baba yake alikaa mbele pamoja na mjomba. Walivyozungumza njiani sikuambiwa.

Msikilizaji, kama una gari kuukuu chini ya mti na umepata fedha kidogo, usiogope kulifufua. Bodi ile ya alumini bado ina miaka ya kuishi. Lakini ukimwita fundi, mwambie afungue madrumu kwanza. Injini itasubiri.

Mpaka wiki ijayo, Mungu akipenda, nakutakia safari njema na kusimama salama.